Mnaokuja fildi ustawi wa jamii, njooni tuongee kidogo

Wadogo zangu mnaoanza fildi mwaka huu, na nyie mliopata ajira mpya za ustawi wa jamii huko halmashauri, nina miaka kumi na moja kwenye hii kada na kila mwaka napokea vijana wawili watatu kutoka vyuoni, wazuri tu, nadharia wanazo za kutosha, ila siku ya kwanza mteja akikaa pale kwenye benchi wanachanganyikiwa. Darasani mtu anakuwa na shida moja na hiyo shida ina jina, huku mtu anakuja na shida sita na ile anayoanza kukutajia mara nyingi sio yenyewe.

Watu watakuja wakidhani wewe ndo mgawa hela. Zoea tu. Wengine watakuchanganya na Afisa Maendeleo ya Jamii, ambaye ndo mwenye vikundi na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Wengine watataka uwaandike TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, wakati kaya za TASAF zinaibuliwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, sio mezani kwako. Kwahiyo mteja akikuuliza "sasa mnanisaidiaje" isikutoe jasho, kazi yetu kubwa ni kujua nani ana nini na huyu mtu atamfikiaje.

Na hapo kwenye kufika ndo nilipoharibu mimi. Mwaka wangu wa kwanza alikuja mama na mtoto wa miezi mitano mwenye kichwa kikubwa, kile cha kujaa maji. Nikaandika barua ya rufaa ya kwenda hospitali kubwa, mhuri, saini, nikampa, kwenye jalada nikaandika "amepewa rufaa" nikalifunga, nikajiona mfanyakazi kweli. Wiki tatu baadaye niko sokoni namkuta anauza mchicha, mtoto kalazwa pembeni kwenye boksi, namuuliza vipi hospitali, akatoa barua yangu kwenye pindo la kanga imekunjwa vizuri kabisa akaniambia "nilikuwa natafuta nauli, afisa." Maji ya kichwani hayamsubiri mtu apate nauli, yanaukandamiza ubongo kila siku inayopita. Sikumuuliza kama ana nauli, sikumuuliza wale watoto wake wengine wawili atamwachia nani, wala sikupiga simu kwa mwenzangu wa ustawi kule hospitali nimwambie kuna mtu anakuja. Mtoto alikuja kuwekewa mrija, anaishi mpaka leo, ila macho yalikuwa yameshaharibika, na hilo sijawahi kumsingizia mtu mwingine. Rufaa ya vile ni kumfukuza mtu kwa adabu tu. Siku hizi jalada silifungi mpaka nisikie kutoka upande wa pili kwamba kafika na kahudumiwa, na namba za maafisa ustawi wa hospitali, mahakama na dawati la polisi nimeziandika kwenye daftari la karatasi, simu zinaibiwa jamani.

Sheria ya Mtoto ya 2009 isomeni yenyewe, sio zile notsi za kufotokopi. Kifungu cha 94 kinaipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto kwenye eneo lake, cha 95 kinamtaka mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kunyimwa haki azilete, na wewe unapata nguvu ya kumwita mhusika mkazungumza, akikaidi unalipeleka shauri mahakama ya watoto. Kesi za matunzo ndo ugali wetu wa kila siku, yaani Jumatatu zimejaa mpaka kwenye korido. Mama anataka laki na nusu, baba anasema ana elfu thelathini na hiyo mpaka avune. Kosa la wageni ni kujigeuza hakimu, anaanza kumfokea baba mbele ya watu, baba anaondoka harudi, mtoto anakosa hata ile thelathini. Sisi tunasuluhisha, amri inatoka mahakamani. Wasikilize mmoja mmoja kwanza, halafu pamoja, mkikubaliana andikeni wasaini, na hela ipite kwenye simu iache kumbukumbu, usikubali hata siku moja ikaachwa kwenye droo yako eti mama ataifuata, nimeona mtu kaingia matatani kwa elfu ishirini. Ya talaka nayo utaulizwa sana, mwambie mtu wazi kwamba anayeivunja ndoa ni mahakama na kwa kawaida Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka shauri lipite kwanza baraza la usuluhishi, usimwache akadhani barua yako ndo talaka.

Kuna jambo moja ambalo halina usuluhishi, nalo ni mtoto aliyebakwa au kulawitiwa. Mtaletewa wazee wa ukoo wametulia, wanaongea kwa hekima, wamekubaliana mbuzi au ng'ombe na wanaomba tu ofisi "iwabariki". Hapana. Mtoto apelekwe kituo cha afya haraka, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinaanzwa ndani ya saa 72 na zikiwahi zaidi ndo bora, asiogeshwe, nguo zisifuliwe, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi wapewe taarifa muda huohuo ili PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, iandaliwe. Kama kwenu kuna kituo cha mkono kwa mkono shukuruni, daktari, polisi na ustawi mnakutana sehemu moja. Usimhoji mtoto upya kila anapokuja bosi mpya, aongee mara chache iwezekanavyo na mtu anayejua kuongea na watoto. Halafu namba 116, ile ya bure ya kuripoti mambo ya watoto, ibandikeni shuleni, sio kwenye ukuta wa ofisi yenu ambako mtoto hafiki.

Mkipangwa hospitali mtakutana na msamaha wa matibabu. Mjamzito, mtoto chini ya miaka mitano na mzee wa miaka 60 asiye na uwezo hao wako kwenye mwongozo, kichwa kinauma kwa yule wa miaka arobaini aliyevunjika mguu na bili imefika laki nne. Barua ya mwenyekiti wa mtaa anayo, lakini barua hiyo hata mwenye nyumba za kupangisha anayo. Kaa nae pembeni ya kitanda, muulize jana alikula nini na nani kamletea. Ukiona siku tano hakuna aliyekuja na hotpoti, jibu unalo.

Kutembelea nyumbani msiende na gari la halmashauri mkalipaki mlangoni, majirani wote watatoka na mteja wako ataumbuka, shukeni mbali mtembee. Mkikaribishwa maji au kigoda cha mguu mmoja mbovu kaeni, msijifanye mna haraka. Kwenye ripoti ya mahakama tenganisha ulichokiona na ulichoambiwa. "Baba ni mlevi" sio ripoti, "nilimkuta saa tatu asubuhi hawezi kusimama, na jirani ananiambia ni hivyo kila siku" hiyo hakimu anaweza kuitumia. Mimi ripoti yangu ya kwanza ilirudishwa na wino mwekundu kama ya darasa la nne.

Hela ya mfukoni. Mtatoa, hakuna atakayewazuia, mtu analia mbele yako na una elfu mbili. Toeni, ila mjue kesho watakuja kumi na tatu, na OC ya ofisi, yaani fungu la matumizi ya kawaida, mara nyingi haitoshi hata karatasi za printa. Bora nguvu hiyo uitumie kumfahamu mwenye bajaji wa kuaminika, mama lishe mmoja, sheikh na mchungaji wa hapo kata, mimi wagonjwa wangu wengi wamefika hospitali kwa sadaka ya Ijumaa au ya Jumapili, sio kwa fungu la serikali.

Na dada zangu, viatu vya kuchuchumia viacheni nyumbani. Kata yangu ina mitaa sita, miwili ni mlimani na mvua ikinyesha bodaboda hapandi, kuna binti wa fildi mwaka juzi alimaliza siku peku, viatu kavishika mkononi, akaingia kwa mteja hivyohivyo. Bibi wa pale alimletea ndoo ya maji anawe miguu, na ndo bibi huyohuyo aliyekuwa amegoma kuongea na mimi miezi miwili.