Si Wachina, ni Wachin

Mdogo wangu, juzi kwenye simu uliniuliza: "Kaka, miaka tisa Marekani, huna hata rafiki Mzungu?" Nakujibu bila kuficha. Hapa kusini mwa Indianapolis walionipokea ni Wachin. Si Wachina. Ni wakimbizi wa milima ya magharibi ya Myanmar, nao wamejaa huku hadi watu wameubandika mji jina la Chindianapolis.

Nilipofika sikuwa na gari, na huku bila gari hata kazini hufiki. Jirani yangu, mzee wa Kichin, alinipakia kila usiku kwenda zamu ghalani, miezi minne, akikataa hata hela ya mafuta. Kwao ni Thantlang. Mwaka 2021, baada ya jeshi kupindua serikali, mji ule ulichomwa moto na wakazi wake wakakimbia, wengi wakavuka kuingia India. Nyumba aliyoijenga kwa jasho la zamu hizo imebaki majivu. Alinisimulia baadaye, huku anaendesha, sauti yake imetulia. Nilikosa la kumwambia.

Lugha zao ni nyingi mno. Mtu wa mji wa Hakha na wa mji wa Tedim, yote ya kwao, wanaweza wasielewane, ndiyo maana makanisa yao hapa ni mengi. Ubatisti waliletewa Hakha mwaka 1899 na Wamarekani, Arthur Carson na mkewe Laura, na leo walio wengi ni Wakristo.

Lakini kinachonigusa zaidi ni sikukuu yao ya 20 Februari. Siku hiyo mwaka 1948, wiki chache tu baada ya Burma, ndiyo Myanmar ya leo, kupata uhuru, maelfu walikutana kwenye mji wao wa Falam wakaamua kwa kura kuufuta utawala wa machifu wa kurithi. Kwetu Tanganyika machifu waliondolewa mwaka 1963 kwa sheria ya serikali. Hawa waliamua wenyewe, mkutanoni. Mzee akifika hapo kwenye masimulizi hupunguza mwendo wa gari.

Kuhusu nauli uliyoomba, sina. Kodi ya nyumba na bima ya gari vinamaliza mshahara. Ada ya mtoto nitatuma Machi. Februari nimeomba ruhusa ya siku moja, bila malipo, niende kwenye sikukuu yao. Mzee ameshaniazima shuka lao la kufumwa kwa mkono, jekundu lenye mistari myeusi.