Kadi Imeingia, Mbona Kifaa Hakiioni?

Safari hii karibu maswali yote yanatoka kwa watu waliofukua kompyuta za kiganjani za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakakwama pale pale: kwenye tundu la kadi. Naanza na lile linalobeba nusu ya mengine.

Nina Palm m505. Nimeinunulia kadi ya SD ya GB 8, imeingia bila shida, lakini kifaa kinafanya kana kwamba tundu ni tupu. Nimeuziwa kadi mbovu?

Kadi yako ni nzima, ndugu. Umbo ndilo lililokudanganya. Hiyo Palm ni ya mwaka 2001, na kadi za SDHC, yaani zile za zaidi ya GB 2 hadi GB 32, zilikuja mwaka 2006. Ukubwa ni ule ule na pini ni zile zile tisa, ila lugha ya ndani si moja. Kadi za SD za mwanzo hutafuta data kwa kuhesabu baiti moja moja, wakati SDHC huhesabu mafungu ya baiti 512. Isitoshe, SDHC husubiri kifaa kijitambulishe kwanza kuwa kinaujua mtindo mpya. Kisipojitambulisha, kadi haisemi kamwe kwamba iko tayari. Palm inangoja jibu, kadi inangoja salamu, na wewe unatazama kioo.

Tafuta kadi ya SD ya kawaida, tena usikimbilie GB 2. Hesabu ya ukubwa kwenye kadi hizo za zamani hufika GB 1 ikitumia vipande vya baiti 512. Ili kufika GB 2, watengenezaji walikitangaza kipande kuwa cha baiti 1,024, na programu iliyoandikwa kwa kuamini kwamba ni 512 siku zote hukosea hapo: mara inaona nusu ya kadi, mara haioni kitu. Mimi ningeanza na MB 128 au 256. Kwa kifaa ambacho kazi yake ni kubeba miadi na namba za simu, hiyo ni bahari. Ukiifomati kwenye kompyuta kubwa, chagua FAT (mpangilio wa zamani wa faili), usichague FAT32.

Na kabla hujauliza: kuiweka microSD kubwa ndani ya adapta ya SD hakusaidii. Adapta ile ni nyaya tupu, haitafsiri neno lolote.

Mimi nina Jornada 720 yenye tundu la CF (CompactFlash, kadi pana kuliko SD). Nami nitabanwa hivyo hivyo?

Wewe umebahatika. Kadi ya CF hujitambulisha kama diski ya kawaida, kwa hiyo kifaa hakihitaji kujua kilichomo ndani. Ndiyo maana kuna adapta za kuweka SD ndani ya umbo la CF zinazofanya kazi kweli: zina kidhibiti kinachozungumza lugha ya diski upande mmoja na lugha ya SD upande wa pili. Linganisha na ile ya nyaya tupu niliyoisema hapo juu.

Kinachokubana ni unene. CF ya aina ya I ina milimita 3.3 na ya aina ya II ina milimita 5. Tundu lako la CF ni la aina ya I, na baadhi ya adapta hizo ni za aina ya II. Pima kabla ya kulipa, wala usisukume kwa nguvu. Pini za CF ni 50, nyembamba, ziko ndani ya tundu, na ikipinda moja umepoteza tundu zima.

Una pia tundu la PC Card, kadi kubwa za kompyuta za mkononi za zamani, lenye pini 68. Hilo hupokea kadi za biti 16. Kadi za CardBus za biti 32 zina kizuizi ubavuni makusudi zisiingie, basi usichukue tupa kukikwangua.

Clié yangu ya Sony, NX70V, ina tundu la CF lakini haisomi kadi ya kumbukumbu hata moja. Limekufa?

Halijafa. Sony ililiweka kwa ajili ya kadi yake ya Wi-Fi tu, na haikuweka draiva ya kumbukumbu, yaani programu ya kukifundisha kifaa kuitumia kadi hiyo. Baadaye watu wengine waliandika draiva za kuliamsha. Kutoboa mlango kisha kuunyima ufunguo ni uamuzi ambao hadi leo sijauelewa.

Nimeweka kadi, inasomeka vizuri, lakini Palm bado inaniambia kumbukumbu imejaa.

Kadi ni ghala, si karakana. Palm OS ilianza kuzijua faili za kwenye kadi katika toleo la 4.0, lakini programu iliyo kwenye kadi hunakiliwa kwanza kwenye kumbukumbu ya ndani ndipo iendeshwe. Nafasi ya ndani ikiwa finyu, ghala hata liwe kubwa vipi halikuokoi. Hamishia kwenye kadi vitabu, picha na programu unazozitumia kwa nadra. Za kila siku ziache ndani.

iPAQ H3630 haina tundu kabisa. Ndiyo basi?

Compaq iliuza koti lake. Unalivisha mgongoni mwa kifaa, na tundu linakuwa kwenye koti: moja la CF, jingine la PC Card. La PC Card lina betri yake, kwa sababu kadi zile hula umeme mwingi. Ukipata koti hilo leo, anza kwa kuikagua betri. Ikiwa imevimba, usiichaji, itoe.

Na ukishapata tundu, weka nakala ya kila kitu kwenye kadi. iPAQ hizo ziliweka faili zako kwenye RAM, kumbukumbu inayohitaji umeme muda wote, hivyo betri ikiisha kabisa, kila ulichoongeza kinafutika na kifaa kinaamka kama kimetoka kiwandani asubuhi hiyo.

Kadi ya Wi-Fi ya SD itaniwezesha kuingia intaneti?

Nina shaka. Kwanza tundu lazima liwe la SDIO, yaani linalokubali vifaa na si kumbukumbu peke yake, na kwa macho halitofautiani na la kumbukumbu tu. Pili, nyingi za kadi hizo zinajua usalama wa WEP, kufuli ya zamani ya Wi-Fi, na ruta ya leo inataka kufuli mpya ya WPA2 au zaidi. Tatu, tundu likiwa moja, Wi-Fi ikiingia kumbukumbu inatoka. Hamisha faili kwa kadi, utamaliza mapema.

Handspring Visor je? Inafaa kununuliwa?

Kwa moyo, ndiyo. Tundu lake la Springboard la mwaka 1999 ndilo ninalolipenda kuliko yote: moduli ilibeba programu yake yenyewe, ukiichomeka programu inatokea, ukiichomoa inatoweka, bila draiva. Zilikuwepo moduli za kamera, za GPS, hata ya simu. Tatizo ni kwamba hakuna kampuni nyingine iliyolishika tundu hilo, na Handspring yenyewe iliporukia simu zake za Treo mwaka 2002 ililiacha. Kadi za kawaida haziingii humo. Ilitengenezwa moduli ya kusomea CF, kwa hiyo ukiuziwa Visor, uliza kwanza kama inakuja nayo.