Kwa wanaoanza kazi ya studio: sikilizeni kwanza roki nzito ya zamani

Kijana akija kujifunza ufundi mitambo wa studio, yaani kurekodi na kuchanganya sauti, swali lake la kwanza huwa anunue programu gani na apakue plagini zipi, zile programu ndogo za kubadili sauti. Mimi humpa kazi nyingine. Akasikilize albamu chache za roki nzito za miaka ya 1970, kwa spika na si kwa simu, kisha aje anieleze kila chombo kimekaa wapi. Wengi hununa. Roki si muziki wao, wamekuja kutengeneza bongo fleva na singeli. Sawa, lakini albamu zile zilitengenezwa na watu waliolazimika kuamua mapema, na kuamua ndiko kunakowashinda wanafunzi. Unafungua kazi ya mtu unakuta treki 90, yaani njia 90 za sauti, kiki (dramu kubwa ya mguu) sita zimerundikwa, na kila kasoro imeachwa "tutairekebisha kwenye mikisi", yaani wakati wa kuchanganya sauti.

Anza na albamu ya kwanza ya Black Sabbath. Sehemu yake kubwa ilirekodiwa siku moja, tarehe 16 Oktoba 1969, katika studio ya Regent Sound jijini London, prodyuza akiwa Rodger Bain na mashine ikiwa ya treki nne. Kwa treki nne, vyombo vinalala pamoja kwenye tepu, na vikishalala hivyo hakuna kuvitenganisha. Vijana wale wa Birmingham waliweza kwa sababu nyimbo zao walikuwa wameshazipiga sana klabuni. Na ule uzito wa gita la Tony Iommi haukutoka kwenye mtambo wowote wa siri. Mashine ya kiwandani ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, ambao ndio anaobonyezea nyuzi kwa kuwa anapiga kwa kushoto. Akajitengenezea vifuniko vya vidole, akatumia nyuzi nyepesi, na baadaye akaanza kuzilegeza. Sauti ikawa nzito tangu mkononi.

Kwa hiyo, kabla bendi haijaja kwako, wewe nenda mazoezini kwao. Rekodi kwa simu, andika kasi ya kila wimbo, angalia nani anamfuata nani. Utashangaa ni mara ngapi bendi nzima inamfuata mpiga besi na si mpiga dramu. Ukilijua hilo mapema, unajua nani asifungiwe kwenye chumba cha peke yake.

Sasa dramu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi mnapoharibu. Albamu ya nne ya Led Zeppelin, iliyotoka mwaka 1971, ilirekodiwa kwa sehemu kubwa Headley Grange, jumba la zamani kule Hampshire, Uingereza. Nje lilipaki gari la kurekodia la Rolling Stones, lori lenye mitambo kamili ndani yake. Kwa wimbo unaofunga albamu hiyo, dramu za John Bonham ziliwekwa ukumbini chini ya ngazi. Fundi mitambo Andy Johns akatundika maiki mbili aina ya Beyerdynamic M160 juu kwenye ngazi, basi. Hapakuwa na maiki ndani ya kiki wala puani pa sneya, ile dramu ndogo yenye mlio mkali. Sauti ikapitishwa kwenye kompresa, mtambo wa kubana tofauti ya sauti kubwa na ndogo, na mashine ya mwangwi ya Binson, kisha tepu ikapunguzwa kasi kidogo, na kila kitu kikashuka na kuwa kizito. Zaidi ya miaka 50 imepita na watu bado wanazikata dramu zile na kuzitia kwenye biti zao.

Kwa nini inafanya kazi? Maiki ikiwa mbali, inachukua dramu pamoja na kuta. Sauti ya moja kwa moja inatangulia, ile iliyogonga ukuta inafuata nyuma kidogo, na sikio linatambua kwamba chombo ni kikubwa na chumba kipo kweli. Pia mpigaji ndiye anayemikisi. Asipojua kupima nguvu kati ya kiki na matoazi, hakuna fundi atakayemwokoa, na Bonham alijua. Ukipata mpigaji anayeyapondaponda matoazi, njia hii achana nayo, msogezee maiki karibu.

Jaribuni wenyewe. Pagale lenye ngazi ya zege, majirani wakikubali, linatoa mwangwi ambao hakuna plagini inayoufikia. Maiki zako mbili za juu zipime kwa kamba kutoka katikati ya sneya, umbali uwe uleule kwa zote. Zikitofautiana, mawimbi yanafika kwa nyakati tofauti, yanakulana, na sneya inakonda. Njia ya kupima hivyo inajulikana sana kwa jina la Glyn Johns, kaka yake Andy. Kompresa iache mwisho, ukishasikia chumba kinavyolia bila hiyo kompresa.

Deep Purple wao walifika Montreux, Uswisi, Desemba 1971, wakitaka kurekodi kwenye kasino kwa kutumia gari lilelile la Rolling Stones. Kasino likaungua tarehe 4 wakati wa onyesho la Frank Zappa. Wakahamia jengo jingine, kelele zikawaletea polisi, wakaishia kwenye korido za Grand Hotel iliyokuwa imefungwa kwa majira ya baridi, wakiziba mwangwi kwa magodoro. Kwenda kwenye gari kusikiliza walichorekodi kulihitaji kupita vyumbani na kwenye roshani, tena kwenye baridi ile, wakachoka wakaacha kwenda. Walipiga mpaka wenyewe wakaridhika, wakaendelea na wimbo mwingine. Machi 1972 albamu yao ya Machine Head ikatoka. Mimi nimeichukua hii kama sheria ya studio: mteja hasikilizi kila rudio. Akishasikiliza mara tatu anaanza kuimba kwa woga.

Kuhusu magita, chukueni Back in Black ya AC/DC, iliyorekodiwa Compass Point kule Bahamas mwaka 1980, miezi michache baada ya mwimbaji wao Bon Scott kufariki. Prodyuza alikuwa Robert John "Mutt" Lange, fundi mitambo Tony Platt. Sikiliza mkwaruzo wa magita: ni mdogo kuliko unavyodhani. Malcolm Young anapiga karibu safi, nyuzi nene, mkono mzito, na kati ya pigo na pigo kuna ukimya. Mwanafunzi anayetaka gita "kubwa" huongeza gaini (nguvu ya sauti inayoingia, ndiyo inayoleta mkwaruzo) mpaka mwisho, kisha analirekodi mara nne, na anapata ukungu mtupu. Punguza gaini hadi uone aibu, ndipo urekodi mara mbili, moja kushoto na moja kulia.

Mtaniuliza juu ya bendi ya Queen, hasa kwa sababu mwimbaji wao Freddie Mercury ni mzaliwa wa Unguja. Ndiyo, mwaka 1975 walirundika sauti juu ya sauti kuliko mtu yeyote. Lakini kila walipozijaza treki walizichanganya kuwa chache ili wapate nafasi, na baada ya hapo hakukuwa na kurudi nyuma. Hata kurundika kulikuwa ni kuamua.

Wenye studio za nyumbani msijidharau. Tom Scholz wa bendi ya Boston, mhandisi aliyekuwa ameajiriwa na Polaroid, alirekodi sehemu kubwa ya albamu yao ya 1976 kwenye chumba cha chini ya nyumba yake huko Massachusetts, wakati kampuni ya rekodi ikiamini kazi inafanyika Los Angeles.

La mwisho ni hesabu. Albamu ya kwanza ya Led Zeppelin ilichukua kama saa 36 za studio ya Olympic, London, mwaka 1968, na bili ya kama pauni 1,782 aliilipa mpiga gita wao Jimmy Page kabla hawajawa na mkataba wa kampuni yoyote. Saa zilikuwa chache kwa kuwa walitoka kuzipiga nyimbo zile kwenye ziara ya Skandinavia. Mteja akija kwako bila kujua wimbo wake unaishaje, mpangie siku ya mazoezi kwanza kwa nusu bei. Andikeni saa na malipo kwenye karatasi, asaini, ndipo uchomeke maiki.