Fundi Awajibu Wasomaji: Pikipiki Inayozimika Ikishapata Moto

SWALI: Ndugu Fundi, assalaam aleikum. Nina Honda CG125 ya zamani niliyoachiwa na marehemu baba. Asubuhi huwaka kwa kiki moja, lakini nikitoka Malindi kwenda Mambrui, nikishavuka daraja la Sabaki huanza kukohoa kisha huzimika. Nikiiegesha kivulini kwa muda huwaka tena kana kwamba haikuwa na neno, halafu baada ya mwendo mfupi hunifanyia vilevile. Petroli imo na plagi ni mpya. Maji yaliingia tangini wakati wa masika, nikaweka kipande cha mpira wa tyubu chini ya kifuniko, na tangu hapo hayajaingia tena. Fundi mmoja ameniambia ninunue pistoni na ringi. Nifanyeje?
Msomaji, Barani, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam. Pistoni usinunue bado. Ringi zilizokwisha hujitangaza kwa moshi wa samawati, kwa oili inayopungua na kwa injini inayokataa kuwaka asubuhi, na pikipiki yako haina hata moja katika hayo uliyoyaeleza. Shida ya kasoro inayokuja na joto ni kwamba huondoka na joto hilo hilo: pikipiki hufikishwa kwa fundi ikiwa imeshapoa, huwaka vizuri mbele yake, naye kwa kukosa la kuona hubahatisha. Kwa hivyo uchunguzi huu itakubidi uufanye mwenyewe, pale pale kando ya njia, kabla injini haijapoa.

Ninachokishuku zaidi ni huo mpira. Kifuniko cha tangi kina kijitundu cha kupitisha hewa, ili petroli inapoteremka kwenye kabureta, hewa iingie na kushika nafasi yake. Kijitundu hicho kikizibwa, tangi huwa kama mkebe wa maziwa uliotobolewa tundu moja tu: petroli huteremka mwanzoni, kisha hudondoka matone, na mwishowe bakuli la kabureta hukauka. Ukiegesha, hewa hupenya kidogo kidogo, petroli hushuka tena, nawe hudhani kwamba kilichoiponya ni kivuli. Siku itakapozimika, jambo la kwanza, kabla ya kupiga kiki, fungua kifuniko na utege sikio. Ukisikia hewa ikifyonzwa kuingia ndani, na pikipiki ikawaka muda mfupi baadaye, mshtakiwa umempata. Utoe mpira huo, usafishe kijitundu kwa waya mwembamba, maana vumbi na chumvi ya pwani huweza kukiziba hata bila msaada wako, kisha utafute kifuniko chenye mpira wake wa asili usiopitisha maji.

Ikiwa hakuna sauti wala nafuu, geukia moto wa plagi mara moja. Tembea na plagi ya akiba. Ichomeke kwenye kofia ya waya wa plagi, ukiiacha ile nyingine mahali pake ili mvuke wa petroli usitoke kwenye silinda, ulaze kiwiliwili chake cha chuma kwenye mapezi ya injini, kisha upige kiki. Cheche ikiwa hafifu na ya manjano, au ikiwa haipo kabisa, na ikarudi injini ikishapoa, basi koili, yaani kile kifaa kinachoipa plagi umeme mkali, ndiyo ya kushukiwa, kwa kuwa nyaya zake za ndani hupoteza kinga zinapopata joto. Katika CG za mwanzo, zilizotoka kuanzia mwaka 1976 na ambazo hukata umeme kwa pointi (vibao vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana), kondensa, kile kikopo kidogo kinachofanya kazi pamoja na pointi hizo, nayo huchoka kwa namna hiyo hiyo, na bei yake ni ndogo kuliko ya koili.

La tatu ni valvu, vile vilango vya silinda vinavyoingiza mchanganyiko wa petroli na hewa na kutoa moshi, na hili, kinyume na hayo mengine, hupimwa asubuhi injini ikiwa baridi kabisa. Nafasi inayotakiwa kati ya valvu na mkono unaoisukuma ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Ikiwa ndogo mno, chuma hutanuka kwa joto, valvu ikashindwa kufunga sawasawa na mgandamizo ukapotea. Valvu iliyobanwa haipigi kelele, na kwa sababu hiyo mimi huogopa injini ya zamani iliyo kimya kupita kiasi.

SWALI: Kila nikifungua skrubu za bakuli la kabureta ya Yamaha yangu ya zamani, vichwa vyake hulika vikawa duara. Je, ni skrubu mbovu?
Msomaji, Mambrui

JIBU: Skrubu ni nzima, bisibisi ndiyo si yake. Skrubu za pikipiki za zamani za Kijapani zilichongwa kwa kipimo cha Japani kiitwacho JIS, na nyingi zina kitone kidogo kando ya msalaba. Bisibisi ya nyota ya kawaida hugota chini kabla kuta zake hazijashika, kisha hupanda na kutafuna kichwa. Tafuta bisibisi ya JIS, tia mafuta ya kulegeza kutu uyaache usiku kucha, na ugonge kichwa cha skrubu taratibu kabla ya kuzungusha. Huku kwetu skrubu ya chuma ikikaa ndani ya aluminiamu penye hewa ya chumvi hushikana nayo, kwa hivyo unapoirudisha, paka grisi kidogo kwenye nyuzi zake na usiikaze kwa hasira.