Siku barua ya wakili ilipofika, barua pepe zetu zilikuwa zimeshafutwa

Nilikuwa meneja wa ofisi katika hoteli ndogo ya ufukweni hapa Malindi. Mwaka mmoja, masika yameingia na wageni wameadimika, fundi wa kompyuta akaniambia nafasi ya barua pepe imejaa. Tukaafikiana: kila barua iliyopita siku 90 ijifute yenyewe. Niliyetia sahihi ni mimi, na wakili sikumuuliza.

Mwaka uliofuata mpishi tuliyempunguza kazi akadai malipo ya saa za ziada. Zamu zake tulikuwa tumeelewana kwa barua pepe, lakini kwetu haukubaki hata mstari mmoja. Yeye alikuwa amechapisha zake, zile zilizomfaa. Na hilo halikuwa baya kuliko yote. Kati ya barua ya wakili wake na kesi kufunguliwa zilipita wiki 6, na wiki zote hizo ufutaji uliendelea, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuuzima. Kufuta kwa ratiba kabla ya mgogoro unaweza kukueleza. Kufuta huku unajua unadaiwa, jaji atauliza ulikuwa unaficha nini. Tulilipa.

Kwa hiyo nakusihi: ukipokea barua ya wakili, au hata ukisikia mtu amemwendea wakili, simamisha ufutaji siku hiyo hiyo. Agizo la kusimamisha liandike, usilitoe kwa simu tu. Zikumbuke na simu za wasimamizi, maana maagizo mengi hupitia WhatsApp.

Muda wa kuhifadhi upimwe kwa sheria. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mfanyakazi miaka 3 ya kushtaki. Madai ya mkataba wa kawaida, tuseme na mvuvi anayekuletea samaki, ni miaka 6. KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, hutaka kumbukumbu za kodi zikae miaka 5. Siku 90 zetu zilitokana na bei ya nafasi, basi.

Wala usiseme utaweka kila kitu milele. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakukataza kukaa na taarifa za mtu kupita haja yake. Kilichokuwa kimejaza sanduku letu hasa ni picha za pasipoti za wageni Waitaliano walioondoka zamani. Tungefuta hizo peke yake, nafasi ingetosha, na makubaliano ya mpishi tungekuwa nayo.