Kabla Hujamwelekezea Simu Anayekula

Wiki iliyopita binti mmoja wa Malindi aliniandikia kwamba yeye na wenzake wa madrasa wanataka kuanza kuwapikia watu wanaolala nje, na akaniuliza mambo mawili: waanze na fedha kiasi gani, na picha wazipige vipi ili wafadhili waridhike. La kwanza ni jepesi. Sisi akina mama wa mtaa mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, tulianza Ramadhani ya 2017 na sufuria moja ya wali, mbaazi za nazi na chupa mbili za chai, kila mmoja akitoa alichokuwa nacho jikoni. La pili linaniuma hadi leo.

Katika mwaka wetu wa pili, mtu mwenye uwezo alijitolea kutununulia mchele na mafuta kwa miezi sita, sharti lake likiwa apelekewe picha kila Ijumaa. Mimi nilikuwa mweka hazina, nikakubali bila kushauriana na yeyote. Kulikuwa na mzee aliyelala kwenye baraza ya duka karibu na Marikiti, ambaye hakugusa sahani kabla ya kutuombea dua sisi na wazazi wetu. Ijumaa hiyo nilipomwelekezea simu, alijifunika uso kwa kofia yake, akaiweka sahani chini bila kuonja tonge, akaondoka. Nilimtafuta Mwembe Tayari, nikamtafuta mpaka kivukoni Likoni, na hata jina la kumuulizia sikuwa nalo, kwa kuwa mwaka mzima tulimwita Mzee tu.

Nilipokataa kuendelea na picha, mfadhili aliacha kutoa, na baadhi ya wenzangu wakaninunia wakisema nimewafungia maskini riziki. Maneno hayo bado ninayo moyoni. Lakini tumesoma sote katika Suratul Baqara kwamba sadaka hubatilika kwa masimbulizi na maudhi; basi ni maudhi gani makubwa kuliko kuuonyesha ulimwengu njaa ya mtu mzima?

Kwa hiyo, binti yangu, uliza majina kwanza, na picha achana nazo. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini Agosti 2017, tulilazimika kubeba sahani na kuzisubiri, na kusubiri huko ndiko kulikotukalisha na wageni wetu mkekani tukazungumza nao. Kila ninaposimulia hili narudia lile lile: uliza jina.

Jambo jingine ni zakatul-fitri, sadaka ya lazima ya kumalizia Ramadhani. Watu hutuletea mchele, pishi moja kwa kila mtu wa nyumbani, takriban kilo mbili na nusu, na mwaka wa kwanza tuliugawa hata kwa wanaolala barazani. Mtu asiye na jiko wala sufuria atafanya nini na mchele mbichi? Wengi waliuuza dukani kwa bei ya kutupa siku hiyo hiyo. Sasa mchele huo huenda kwa familia maskini zenye meko, na wasio na makazi tunawapikia kwa sadaka nyingine.

Basi anzeni Ijumaa hii na sufuria moja. Chukueni sahani, mkeka na maji ya kunawa, na nyinyi wenyewe mkae mle pamoja nao.