Weka Mikono Nyuma, Mwalimu

Ukitoka Kisumu kuelekea Ahero, ukaiacha lami na kuingia ndani ya uwanda wa Kano, ndipo ninapofundisha. Udongo ni mweusi, wa mfinyanzi, na masika yakikolea maji ya mto Nyando hayapigi hodi. Mwaka 2024 ufunguzi wa muhula wa pili uliahirishwa nchi nzima kwa sababu ya mafuriko. Kwetu wapo watoto waliorudi shuleni na madaftari yaliyoanikwa juani, kurasa zimeshikana, wino umetawanyika. Naanza na maji kwa sababu ndiyo yaliyonifundisha kufundisha.

Walimu wenzangu wamekuwa wakiniuliza tununue kifaa gani ili watoto wajifunze kutunga programu za kompyuta. Mimi natumia micro:bit, kompyuta ndogo sana iliyo kwenye kibao cha sentimita 4 kwa 5 kinachotoshea kiganjani. Kina vitaa vyekundu 25, vitufe viwili, dira, kihisi cha joto na kihisi kinachotambua kinapotikiswa. Ukingoni kina matundu ya kubania nyaya. Mwaka 2016 BBC ilianza kuwagawia bure takriban watoto milioni moja wa Uingereza, wenye umri wa miaka 11 na 12. Toleo la pili, la 2020, lina spika na maikrofoni. Shule yetu ilipewa kumi na wafadhili, na vikakaa kabatini karibu mwaka mzima kwa sababu kila mmoja wetu aliogopa kuwa wa kwanza kuviharibu.

Nilipovitoa, nilikosea. Niliandika hatua zote ubaoni, moja hadi tisa, na Gredi ya Saba wakazifuata. Kufikia mwisho wa dakika 40 kila kundi lilikuwa na moyo unaomweka kwenye vitaa. Mioyo kumi, yote sawasawa. Nikauliza, "Sasa tufanye nini kingine?" Wakageuka kuutazama ubao, wakingoja hatua ya kumi.

Kipindi kilichofuata sikuandika kitu. Nilibana waya mmoja kwenye tundu la 0 na mwingine kwenye lile lenye alama ya GND, nikampa mtoto mmoja ashike ncha zote mbili, moja kila mkono. Vitaa vikawaka, kwa kuwa mwili wa binadamu unapitisha umeme kidogo na kibao kinauhisi. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akauliza, "Mwalimu, na tukishikana mikono?" Wakasimama kumi na wawili, wakazunguka madawati, wa kwanza na wa mwisho wakishika nyaya. Kikajibu. Aliyekuwa katikati akaachia mkono, wa kwanza na wa mwisho wakashika tena nyaya, kikanyamaza. Yule msichana akauliza tena, "Na maji je?"

Swali hilo lilitupeleka muhula mzima. Watoto wa Kano hawahitaji kuelezwa faida ya kujua kwamba maji yanapanda usiku.

Kabla hawajagusa kipakatalishi niliwataka waandike mpango kwenye karatasi kwa lugha yao ya kawaida. Kundi moja liliandika: "Ikiwa maji yamegusa misumari, lia. La sivyo, nyamaza." Hiyo tayari ni programu. Kilichobaki ni kupachika vipande vya amri kwenye skrini. Na wakitaka kubishana kwa Kijaluo, waache, kwa maana ubishi ndio unaopika wazo. Kiswahili au Kiingereza kitakuja wakati wa kulieleza darasa.

Walipigilia misumari miwili, kila mmoja na waya wake kutoka kwenye kifaa, kwenye kipande cha ubao, wakakifunga kwenye mti mfupi uliosimikwa mtaroni nyuma ya darasa. Usiku ilinyesha rasharasha tu. Asubuhi tulikuta kifaa kinalia, na mtaro hauna hata tone. Nilijua sababu papo hapo. Mwenzangu mmoja naye aliijua, akafungua kinywa kuwaambia, nikamwomba asiseme.

Kama kuna jambo moja ningependa ulichukue hapa, ni hili: weka mikono nyuma. Nasema mikono hii hii ya nyama na mifupa. Mimi huishika pamoja mgongoni, na chaki ndani yake, kwa sababu nisipofanya hivyo nitajikuta nimenyoosha kidole kwenye skrini, na kidole cha mwalimu kikishagusa skrini kazi si ya mtoto tena. Kundi likiniita nauliza maswali mawili tu: mlitarajia nini, na mmeona nini? Mara nyingi, katikati ya kujibu la pili, mmoja wao hunyamaza ghafla na kurudi mbio kwenye meza.

Iliwachukua siku mbili. Walijaribu ubao mkavu, kimya. Ubao uliolowa, kelele. Wakaja na mfupa wa ng'ombe, kigae, mfuniko wa ndoo. Mwishowe mvulana mmoja akakata kisigino cha ndara kuukuu, akachomeka misumari humo na kukimwagia maji kidogo, wakakipangusa, kimya. Akaniambia, "Mwalimu, ubao ukinywa maji unakuwa kama sisi tulioshikana mikono. Ndara hainywi." Wenzake wakaongeza nusu ya chupa ya plastiki juu yake, kama mwavuli, mvua isiilowanishe. Hapakuwa na hatua ya ubaoni ambayo ingewafikisha kwenye ndara.

Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria na mmoja wa waliobuni Logo, lugha ya kutungia programu, mwaka 1967, aliamini kwamba kosa kwenye programu ni kitu cha kuchunguzwa, si cha kuonewa haya. Siku hizi nikitoa alama kwa kazi hizi nasoma kwanza ukurasa wa makosa: kosa gani mlilipata, na mlilijaribu vipi. Kundi lenye kifaa kinachofanya kazi lakini halina kosa hata moja la kueleza, nalirudisha.

Mambo madogo yatakayokupotezea kipindi usipoyajua: kibao huunganishwa na kipakatalishi kwa waya kama wa kuchajia simu, lakini baadhi ya nyaya hizo hupitisha umeme tu, hazipitishi programu, kwa hiyo zijaribu zote nyumbani na uzitie alama zilizo nzuri. Kibao kinatumia betri mbili ndogo, zile nyembamba za rimoti. Zitoe kila kipindi kikiisha. Usikiweke juu ya dawati la chuma kikiwa na betri, kitandikie jalada la daftari. Kwa watoto watatu au wanne kibao kimoja kinatosha, na kwa kweli ni bora kuliko kila mtoto kuwa na chake, kwa sababu wanalazimika kusemezana. Ila simamia kibodi. Wavulana wataikalia na wasichana wataachiwa kuandika madokezo, usipoingilia. Kwangu kibodi huhama kila baada ya dakika 10, na huko siweki mikono nyuma.

Sasa wako Gredi ya Nane na wamegundua kwamba vibao viwili vinaweza kutumiana ujumbe kwa redio. Kimoja kikae mtaroni, kingine nyumbani kwa bibi ya mmoja wao, ambaye anaishi karibu na shule na usingizi wake ni mwepesi. Wamepima kwa hatua, na mawimbi yanakatika kabla ya kufika ua wake. Kundi moja linataka kibao cha tatu kipandishwe kwenye mwembe ulioko katikati, kipokee na kurusha mbele. Jingine linasema bibi ahamishiwe kitanda chumba cha upande huu. Jumatatu wanakwenda kumuuliza.